Kikwembe ya mama na mabega yangu

Mi naogeleaka ku ziwa, pale Himbi, ku Goma, na shida yangu ni mabega. Nikirusha mukono juu ya maji, badala ya kwenda mbele unaenda pembeni kama mutu anasimamisha pikipiki ku barabara. Mukubwa mumoja mwenye anatuonyeshaka akanishika bega akasema ndugu, kifua njo imekaza, kuogelea inavuta mabega mbele. Tafuta fimbo ndefu, shika mbali mbali, mikono imenyooka, pitisha juu ya kichwa mpaka nyuma, rudisha, pole pole, kila wiki unasogeza mikono kidogo tu. Ikichoma ndani ya bega, acha.

Fimbo sina. Kikwembe ya mama, kitenge yake, ilikuwa juu ya kiti, ile ya arusi, imepigwa pasi, nikaikunja kama kamba. Mikono mbali, ikapita bila shida. Nikaona hii ni ya batoto. Nikaifupisha nusu, inateleza, basi nikafunga fundo ku kila mukono, ile fundo ya kufungia mbuzi, ya pili nikaikaza na meno. Nikakunja viwiko, nikapinda mugongo, kuiba kabisa, hop! Ikapita, bega ikalia ko. Kurudi sasa... kurudi hakuna.

Mikono iko nyuma ya matako, telefone inalia ku meza mi naiangalia tu. Nikajaribu kuruka kamba na miguu kama bale ba ku sinema, nikaangukia beseni ya masahani. Njo nikageukia mulango, nikafungua na vidole, nikatoka kinyumanyuma.

Mutoto wa jirani: "Bamekamata mwizi!"

Dakika moja haikuisha, bamotari bawili, bale ba taxi ya pikipiki, bamesimama. Ameiba nini? Nasema sijaiba, nilikuwa nanyoosha mabega. Mwizi gani anajibu hivyo! Papa mumoja muzee, mupole, akabanyamazisha wote, akaniuliza, "Mwanangu, nani alikufunga?"

"Ni mi mwenyewe, papa."

Hapo njo niliharibu kabisa, batu bakaongezeka, mumoja anasema ni wazimu, mwingine anasema wazimu haivaake kaptula muzuri vile.

Mama akafika toka ku kanisa. Hakusema kitu. Akafungua fundo na meno, ya kwanza, ya pili, akainua kikwembe ku jua akaiangalia upande huu na upande ule kama imepasuka. Mabega yangu hakuuliza hata moja.