Tusiharakie kuzifuta chenga za MRI

Hoja inayovuma siku hizi kuhusu MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, katika nchi zetu ni hii: mashine za hospitali kubwa, za tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ni ghali kununua na ghali zaidi kuzitunza. Basi tuchukue sumaku ndogo, picha itoke na chenga zake, halafu akili mnemba iisafishe. Nusu ya kwanza ya hoja naikubali bila kusita. Hiyo ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi.

Sumaku ndogo si ndoto. Huko Mbarara, Uganda, imeundwa MRI ya tesla 0.05 ambayo vipuri vyake vililetwa kwa ndege kutoka Uholanzi na kuunganishwa papo hapo. Wakufunzi walikuwa wanne, na mafundi sita ambao hawakuwahi kufunzwa kazi hiyo. Pete 23 zilijazwa visumaku na kupangwa, na tangu mzigo ufike hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi.

Shida ni kwamba ishara yake ni hafifu. MRI hukusanya mawimbi ya redio kutoka mwilini, kisha kompyuta inalazimika kurudi nyuma na kutafuta ni mwili gani ungetoa mawimbi hayo. Vipimo vikiwa vichache au vimechafuka, picha zinazolingana navyo huwa nyingi, na lazima kuwe na kanuni ya kuchagua mojawapo. Wanahisabati, hasa tangu kazi za Candès, Romberg, Tao na Donoho za mwaka 2006, huitaja kanuni yao waziwazi: kati ya zote zinazolingana na vipimo, chukua ile inayoweza kuelezwa kwa namba chache zaidi. Candès na wenzake waliirejesha picha ya kichwa ya majaribio kwa mistari 22 tu ya vipimo, tena wakathibitisha kinadharia ni katika hali gani jambo hilo linafanikiwa. Kambi ya pili, ya akili mnemba, haiandiki kanuni. Inaipa mashine maelfu ya picha nzuri, nayo ijifunze yenyewe ubongo au goti hufananaje.

Na imejifunza kweli, tusiwadhulumu. Mradi wa fastMRI, ulioanzishwa mwaka 2018 na Facebook pamoja na watafiti wa New York University, ulichapisha mwaka 2020 utafiti wa magoti ya wagonjwa 108. Wataalamu sita wa radiolojia walisoma picha za kawaida na zile zilizojengwa na akili mnemba kutokana na data pungufu, yaani vipimo vichache vinavyochukua muda mfupi, na ikaonekana aina moja inaweza kushika nafasi ya nyingine. Kwa mtoto asiyeweza kutulia ndani ya mashine, dakika zinazookolewa namna hiyo zinaweza kumwepusha na dawa ya usingizi. Wala hisabati si malaika: kanuni zake zinaweza kuigeuza nyama laini kuwa mabaka mabaka. Mwaka 2020 mtafiti Antun na wenzake walionyesha kuwa mitandao iliyofunzwa, yaani programu za akili mnemba, inaweza kuyumbishwa na mabadiliko madogo mno katika vipimo. Baadaye wengine wakaonyesha kuwa hata mbinu za kale za kihisabati zinaweza kuyumbishwa hivyo hivyo.

Lakini kuna utafiti wa mwaka 2021 ambao sioni ukitajwa vya kutosha, nao unahusu watoto wachanga wenye vichwa vikubwa, maji yakiwa yamejaa kwenye ubongo baada ya maambukizi. Watafiti, wakiwemo wa hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda, walichukua picha za CT, zinazopigwa kwa eksirei, wakaziharibu makusudi ili ziwe hafifu kama za mashine ndogo: wakapunguza ukali wake, wakaongeza chenga, wakafifisha tofauti kati ya ubongo na maji. Kisha wakazisafisha kwa akili mnemba. Zilizoharibiwa na zilizosafishwa zikapelekwa kwa mabingwa watatu wa upasuaji wa ubongo wa watoto, waliozoea kazi katika nchi zisizo tajiri.

Zilizosafishwa zilionekana kufaa zaidi. Zilipowekwa kando ya CT halisi, makosa yakajitokeza: maumbo yaliyopotoka kiasi cha kuweza kumpotosha daktari. Wakati huohuo, picha mbovu kuliko kiwango kilichozoeleka ziliweza kutosha kupanga matibabu. Watafiti wakahitimisha kwamba ya chenga huenda ikafaa kuliko iliyosafishwa.

Hebu tukae hapo kidogo. Maambukizi ya aina hii mara nyingine huacha kuta nyembamba zinazoyagawa maji katika vifuko. Ukuta mmoja ukifutwa, au ukibuniwa usipokuwepo, mpango wa upasuaji unabadilika. Kwenye picha ya chenga daktari anaona mahali asipoona, na anajihadhari. Iliyosafishwa ni shahidi anayejaza asichokiona kwa sauti ileile anayosemea alichokiona.

Watetezi wa akili mnemba wana jibu: mbinu nyingi za sasa huilazimisha picha ilingane na vipimo vya mgonjwa mwenyewe. Ni kweli, na ni hatua kubwa. Ila vipimo vikiwa dhaifu, kulingana navyo hakuamui mengi, kwa sababu picha tele zinalingana navyo. Magoti ya New York yalipigwa kwa sumaku kali. Kadiri sumaku inavyopungua nguvu, ndivyo akili mnemba inavyozungumza zaidi kutokana na ilivyofunzwa kuliko kutokana na huyu mgonjwa aliyelala ndani ya MRI. Maana yake, dawa hii ya kusafisha picha inanadiwa kwa bidii zaidi palepale inapoweza kudhuru zaidi, tena mahali ambapo pengine hakuna CT ya kulinganishia.

Kwa goti, kwenye mashine ya tesla 3, sina ugomvi na akili mnemba. Kwa mtoto mchanga kwenye tesla 0.05, hospitali inayonunua mashine iweke sharti kwenye mkataba kwamba picha ya awali isiyosafishwa itunzwe na ifunguke kwanza kwenye skrini ya daktari, na iliyosafishwa ifuate ikiwa na alama yake. Kisichokubalika ni muuzaji kumwamulia daktari kwamba hawezi kusoma chenga. Wale mabingwa watatu walizisoma.