Acheni kuipiga nyundo beringi mpya

Jumamosi asubuhi nilikuwa barazani na kikombe cha chai nikasikia nyundo kwa jirani. Ilikuwa ile ya chuma juu ya chuma, ting, ting, ting, kisha kimya kidogo, fundi anavuta pumzi, kisha anaanza tena kwa nguvu zaidi. Nilijua kinachopigwa kabla sijasimama. Nikavaa ndala nikatoka.

Gari ni Toyota IST, imeinuliwa mbele upande wa kushoto, tofali mbili chini. Nako, kile chuma chenye tundu la beringi, imeshatolewa, imelazwa juu ya rimu kuukuu. Fundi kashika beringi mpya ya gurudumu, bado inang'aa mafuta ya kiwandani, kaiweka mdomoni mwa tundu na anaipiga kwa nyundo ya kilo mbili. Mara upande huu, mara upande ule, mara katikati. Jirani yangu kasimama pembeni na boksi tupu mkononi. Nikasalimia, nikamwambia fundi, "Kaka, naomba usimame kidogo." Akanijibu kwa upole kabisa: "Bosi, usiwe na wasiwasi. Inaingia tu hii."

Inaingia tu. Neno hilo ndilo lililonirudisha ndani kuandika, maana nami niliambiwa hivyohivyo mwaka jana. Niliamini, nikalipa, na siku ya ishirini na tatu gari ikaanza kulia upya.

Wenye gari mnaujua mlio huo. Unaanza ukifika sitini, unadhani ni lami mbaya. Ukifika themanini unavuma kama lori la mchanga linalokufuata kwa nyuma, na unajikuta umeongeza sauti ya redio. Mimi nilizunguka nao miezi miwili. Kwanza nikabadilisha tairi za mbele, kwa sababu tairi iliyolika kwa mabonde nayo huvuma vilevile. Mlio ukabaki. Ndipo nikaanza kusikiliza kwa akili: kwenye kona ndefu ya kulia unapanda, kwenye kona ya kushoto unafifia. Ukikata kulia, uzito wa gari hulalia kushoto, kwa hiyo anayelalamika ni wa kushoto. Nikainua gari, nikaweka kiganja kwenye springi ya shokapu na kuzungusha tairi kwa mkono wa pili. Springi ilikuwa inatetemeka kama simu iliyozimwa sauti. Upande wa kulia ilitulia tuli. Tairi lenyewe nilipolishika juu na chini na kulitikisa halikucheza hata kidogo, na hapa wengi hudanganyika: beringi inaweza kulia muda mrefu kabla tairi halijaanza kucheza.

Nikaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, nikanunua beringi kwa shilingi 70,000. Fundi akaja nyumbani, akaipiga nyundo kama huyu wa jirani, ikaingia, tukapeana mikono. Siku ishirini na tatu baadaye nilipomwita, hata hakuinama kuangalia. "Bosi, umeuziwa feki."

Nikapanda daladala mpaka Gerezani na hasira zangu. Nilimfokea yule kijana muuzaji mbele ya wateja wake. Nilimwita mwizi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza swali moja tu: "Kaka, iliingizwaje?" Sikulijibu. Niliondoka nikiona anatafuta pa kutokea.

Beringi ile ilipotoka niliikata ringi ya nje kwa grainda nione ndani. Nilitegemea kukuta chuma cha ovyo, kimeliwa kila mahali. Nilichokuta ni njia ya gololi safi, laini kama kioo, isipokuwa vishimo vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawa, kimoja kwa kila gololi, kama alama za meno kwenye embe bichi. Ukipitisha ukucha, unakwama. Uchakavu wa kawaida haujipangi hivyo. Kila gololi ilipigwa ikiwa imesimama mahali pake, nayo ikaacha alama yake.

Naomba hapa tuelewane vizuri, kwa sababu hapa ndipo fedha zetu zinapopotelea. Beringi ina ringi mbili, ya nje na ya ndani, na katikati kuna gololi. Ringi ya nje ndiyo inayobana kwenye tundu la nako. Unapoiingiza, nguvu yote inatakiwa ipite kwenye ringi ya nje peke yake. Ukigonga ya ndani, au ukigonga katikati kwa sababu ndipo nyundo ilipoangukia, nguvu hiyo haina njia nyingine ya kufika nje ila kupitia kwenye gololi. Na gololi hugusa ringi kwa kijisehemu kidogo mno. Pigo la nyundo ya kilo mbili lote linakwenda kukaa hapo. Chuma cha beringi ni kigumu kweli, kina kaboni karibu asilimia 1 na kromu karibu asilimia 1.5, lakini gololi nayo ni ya chuma kilekile. Mswidi Johan August Brinell alionyesha mwaka 1900 namna ya kupima ugumu wa chuma: unakandamiza gololi ngumu juu yake kwa nguvu inayojulikana, kisha unapima ukubwa wa kishimo kinachobaki. Fundi mwenye nyundo anafanya kipimo hichohicho juu ya beringi yako mpya, mara ishirini, thelathini, bila kupima chochote.

Na kishimo hicho huwezi kukiona siku hiyo. Ukizungusha kwa mkono inateleza kama asali. Ndiyo maana fundi anakuita ujionee mwenyewe, nawe unaridhika na kutoa hela. Lakini ukiwa themanini, gurudumu la IST linazunguka zaidi ya mara 11 kila sekunde. Kutoka Dar mpaka Morogoro ni takriban mizunguko 100,000, na kila mzunguko gololi zinarukia vishimo. Kingo za vishimo zinamomonyoka, unga wa chuma unaingia kwenye grisi, grisi inageuka kuwa msasa. Wiki ya tatu, ya nne, unaanza kuvuma. Wakati huo fundi ameshasahau nyundo yake, na wa kulaumiwa ni muuzaji.

Hilo ndilo linaloniuma. Tumejijengea mazoea kwamba kila spea ikifa mapema basi ni feki, na neno hilo linamsafisha kila aliyeishika njiani. Sikatai kwamba feki zipo. Zipo, na nyingine boksi lake ni zuri kuliko la halali. Lakini beringi halali ikipigwa nyundo inakufa kama feki, na tofauti hutaijua mpaka uipasue. Mwanzilishi wa kampuni ya beringi ya SKF, Sven Wingquist, alikuwa fundi mhandisi wa matengenezo kwenye kiwanda cha nguo huko Göteborg, Sweden. Alichoshwa na beringi zilizokuwa zikifa kila mara kwa sababu shafti za kiwanda hazikukaa sawa, akatafuta chanzo, akatengeneza beringi inayojirekebisha yenyewe, na mwaka 1907 kampuni ikaanza. Mtu huyo aliuliza kwa nini inakufa. Sisi tunauliza nani alituuzia.

Kwa beringi ya pili nilifungua na kufunga mwenyewe, nyumbani, isipokuwa kuikandamiza tu, na naandika hivi ili mtu ajue inawezekana hata bila gereji. Gari ikiwa bado chini, mtu mmoja akakanyaga breki, nikainua kwa tindo ule mdomo wa nati ya shafti (ile kubwa ya katikati ya gurudumu) uliogongewa ndani, kisha nikailegeza: soketi ya milimita 30 na bomba refu la kuongezea nguvu. Halafu jeki, halafu stendi mbili za chuma. Tofali hapana. Tofali hupasuka bila kuaga, na sitaki kusikia habari ya mtu aliyelala chini ya gari lililosimama juu ya tofali. Kalipa ya breki nikaifungua na kuifunga kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Diski, waya wa sensa ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga), tai rodi, boljointi chini, boliti mbili za shokapu, na nako ikatoka nzima mikononi. Kazi ya saa tatu kwa mtu asiyeizoea, na nusu ya muda huo ilikuwa kubembeleza boljointi iliyoshika kutu.

Kisha nikaitia nako kwenye kiroba, nikapanda nayo daladala mpaka Gerezani, kwenye karakana ya mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza na presi, ile mashine ya kukandamiza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa?"

Hakuishika nyundo hata mara moja. Alikandamiza habu, kile kipande kinachofungwa tairi, ikatoka, na nusu ya ringi ya ndani ya beringi ya zamani (ringi hiyo ni nusu mbili zilizokaa pamoja) ikabaki imeng'ang'ania kwenye shingo ya habu, kama kawaida yake. Akaichana kwa grainda taratibu, akiacha wembamba kidogo ili asiiguse shingo, kisha akaipasua kwa tindo kwa pigo moja. Akatoa klipu, akatoa beringi mbovu, akasugua tundu kwa brashi mpaka likang'aa. Beringi mpya aliigeuza mara mbili kuangalia ni upande gani wenye sumaku ya kusomwa na sensa, kwa sababu ukiigeuza, taa ya ABS itawaka na kazi yote inarudi mwanzo. Akaweka kipande cha bomba kinacholingana na ringi ya nje, si ya ndani, akavuta mpini wa presi. Iliingia kimya. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe.

Nilidhani kazi imekwisha. Akanizuia mkono. "Mwanangu, hapa ndipo wengi wanapoiua." Alikuwa na maana ya habu. Ukiikandamiza habu iingie kwenye beringi huku nako imeegemea chini kwa mwili wake, nguvu inapita tena kwenye gololi, na presi itaacha vishimo vilevile vya nyundo. Akatafuta bomba jembamba, akaliweka chini ya ringi ya ndani ili ringi hiyo iegemee, ndipo akaishusha habu. Kazi yote ilikuwa shilingi 15,000. Beringi niliyoipoteza kwa nyundo ilikuwa 70,000, bila kuhesabu ufundi.

Nitakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Wapo mafundi wazee wanaoingiza beringi kwa nyundo na ikadumu. Nimewaona. Lakini waangalie vizuri: wanaweka ringi ya nje ya beringi ya zamani juu ya mpya, wanagonga kwa kuzunguka, pole pole, na nguvu yote inapita kwenye ringi ya nje. Hao wanajua kinachofanyika ndani. Sina ugomvi nao, ila mimi bado nitakwenda kwenye presi.

Ninaambiwa pia nibadilishe beringi zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa pamoja. Kama ya pili ni nzima, sioni sababu. Wanaofungua sili, kile kifuniko cha pembeni, kuongeza grisi kwenye beringi iliyofungwa kiwandani, mnaingiza vumbi. Na kwa IST nyuma hakuna mjadala wote huu: beringi na habu ni kitu kimoja, boliti nne, huhitaji presi.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu hata waliokwenda kwenye presi huharibu mwishoni. Nati ya shafti haikazwi kwa kukadiria na kukanyaga bomba. Toyota nyingi ndogo kama hii zinataka Nm 216 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na spana ya toki inayopima nguvu hiyo unaweza kuazima. Nati hiyo ndiyo inayozibana nusu mbili za ringi ya ndani zikae pamoja, kwa hiyo usilisogeze gari hata hatua moja uani likiwa limekalia tairi na nati imelegea. Na nunua nati mpya, ni hela ndogo. Ukimaliza kapime alaimenti, yaani mwelekeo wa tairi, maana uliyagusa maungio ya shokapu na tai rodi.

Nilirudi kwa yule kijana wa duka wiki hiyohiyo. Nilimpelekea ringi niliyoikata, nikamwekea juu ya kaunta, nikamwambia samahani mbele ya watu kama nilivyomtukana mbele ya watu. Aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha, akasema, "Hizi ninaletewa kila wiki." Akaniagizia soda.

Jumamosi fundi wa jirani aliimaliza kazi yake. Sikuweza kumzuia, gari si langu. Baada ya kuondoka nilimwita jirani nikampa ile ringi aishike. Aliitazama muda mrefu, akauliza, "Na yangu?" Nikamwambia asubiri, siku akifika themanini azime redio asikilize.

Jana jioni alipita getini. Hakusema lolote kuhusu mlio. Aliuliza tu yule mzee wa presi anafungua saa ngapi.

Saa mbili asubuhi, nikamwambia. Jumapili hafungui.