Kamati za wahadhiri: nguvu yake iko kwenye "yatokanayo"

Kamati ya mitaala imekaa tangu saa nane mchana. Mezani kuna rasimu ya shahada mpya, kurasa 62, na uongozi umeshatangaza kwamba itaanza mwaka ujao wa masomo. Mwenyekiti anaitazama saa ya ukutani kwa kuibia. Ndipo mhadhiri mmoja wa takwimu, mtu asiye na makuu, anaomba nafasi. "Mwenyekiti, ukurasa wa 14. Somo la muhula wa kwanza linamtaka mwanafunzi awe ameshasoma somo ambalo humu limepangwa muhula wa tatu." Kimya. Karatasi zinafunuliwa. Ni kweli. Mkuu wa idara aliisaini rasimu hiyo, ofisi ya mipango ikaipitisha, mshauri mwelekezi akalipwa chake. Kila mmoja alikuwa akitazama lake, hakuna aliyeiona kwa macho ya mtu atakayesimama mbele ya darasa.

Mtetezi wa kamati za wahadhiri angependa kikao kiishie hapo. Hakiishii. Ukurasa wa 14 ukisharudishwa kwa waandishi, wajumbe wanatumia dakika 40 kubishania jina la shahada, kwa sababu idara mbili zinagombea wanafunzi walewale na jina ndilo litakaloamua nani mwenye mali. Mpinzani wa kamati angetaka kikao kianzie hapo. Wote wawili wanasimulia kikao kimoja, na hakuna anayesema uongo.

Utawala shirikishi wa chuo kikuu umejengwa juu ya hoja rahisi: hakuna upande mmoja unaojua yote. Bodi, au baraza la chuo, hubeba dhamana ya kisheria na mali. Uongozi huendesha shughuli za kila siku. Wahadhiri ndio wanaojua kinachofundishwa, na nani anafaa kukifundisha. Hati inayorejelewa zaidi Marekani ni tamko la mwaka 1966, lililoandaliwa kwa pamoja na chama cha maprofesa wa vyuo vikuu (AAUP), baraza la elimu la nchi hiyo na chama cha bodi za vyuo. Linawapa wahadhiri jukumu la msingi katika mitaala, mbinu za kufundishia, utafiti, ajira na vyeo vya wahadhiri wenyewe, na yale mambo ya maisha ya mwanafunzi yanayogusa masomo yake. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya wahadhiri linakwenda njia hiyo hiyo: wahadhiri wawe na haki ya kuchagua wawakilishi walio wengi katika vyombo vya kitaaluma vya chuo, na haki ya kukosoa uendeshaji wa chuo chao bila kuandamwa.

Lakini wahadhiri mia saba hawawezi kuhariri mtaala wakiwa wamejaa ukumbini. Seneti, yaani chombo kikuu cha kitaaluma cha chuo, hupiga kura. Kazi yenyewe hufanyika kwenye kamati. Ndiyo maana anayetaka kujua kama ushirikishwaji wa chuo fulani ni wa kweli asianze na katiba ya chuo. Aulize wajumbe wa kamati wanapatikanaje.

Wahadhiri wa Berkeley walilijua hilo zamani. Rais Benjamin Ide Wheeler aliongoza Chuo Kikuu cha California kuanzia 1899 hadi 1919, na katika enzi yake kamati za wahadhiri ziliteuliwa kutoka ofisi ya rais. Alipoondoka, wahadhiri waliinuka. Kati ya mambo waliyoyapata mwaka 1920, kubwa lilikuwa haki ya seneti kujiteulia kamati zake yenyewe. Tangu hapo ipo kamati ambayo kazi yake ni kuteua wajumbe wa kamati nyingine. Ukiitaja kwa mgeni atacheka: kamati ya kamati! Acheke, lakini humo ndimo mamlaka yalimohamia. Anayepanga wajumbe hahitaji kupanga uamuzi.

Faida ya kwanza ya kamati tuliiona kwenye ukurasa wa 14. Ya pili haionekani siku za amani. Juni 10 mwaka 2012 bodi ya Chuo Kikuu cha Virginia ilitangaza kwamba rais Teresa Sullivan anaachia ngazi, baada ya shinikizo lililopikwa bila wahadhiri kujua. Baraza la wahadhiri lilipiga kura ya kutokuwa na imani na bodi, chuo kikachemka, na Juni 26 bodi hiyo hiyo ikamrudisha Sullivan kwa kauli moja. Siku 16. Katika siku 16 huwezi kuunda chombo cha kuwasemea wahadhiri, kukichagulia viongozi na kukipa heshima mbele ya umma. Lazima uwe nacho tayari, kimekaa miaka kikijadili mambo ya kuchosha kama kalenda ya mitihani na kanuni za udanganyifu. Vikao vile vya kupiga miayo ndivyo vilivyokuwa vikiweka akiba.

Sasa upande wa pili, nao una hoja nzito kuliko wahadhiri wengi wanavyopenda kukiri.

Malalamiko kwamba kamati hazina kasi tuyapitie haraka. Ni kweli kamati huchelewesha, na ni kweli pia kwamba ucheleweshaji mwingi huanzia kwenye meza ambazo si za kamati: rasimu ikikaa miezi mitano ofisini kwa mkuu halafu ikaletwa kikaoni siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, atakayeitwa mzembe ni kamati.

Hoja nzito ni ya maslahi. Kamati ya wahadhiri huamua mambo yanayowagusa wahadhiri wenyewe. Idara yenye wanafunzi wachache haiwezi kutarajiwa kupiga kura ya kujifuta. Kamati ya vyeo inayoketi watu wa fani moja inaweza kugeuka ukuta wa kumzuia mwenye fikra mpya, na hakuna atakayesema "tunamzuia". Watasema tu machapisho yake "hayajakomaa". Anayesema uongozi wenye nguvu huvunja koo hizi za kitaaluma hazushi.

Kisha kuna uwajibikaji. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako wanataaluma wenyewe wana kauli ya mwisho kuliko karibu kokote duniani, kilizindua mfumo mpya wa kompyuta wa uhasibu. Mfumo ulizinduliwa kabla haujawa tayari, malipo yakavurugika, mamilioni ya pauni yakapotea. Ripoti huru zilizotoka mwaka 2001 zilikosoa usimamizi wa mradi na pia utawala wa chuo kwa ujumla. Jambo likiwa la kamati nyingi, likiharibika linakuwa yatima. Hapa nakubaliana na wakosoaji bila masharti: kamati ya wahadhiri haifai kuendesha. Kununua mfumo wa uhasibu ni kazi ya mtu mwenye jina, mshahara na barua ya kazi inayoweza kusitishwa.

Denmark ilichukua hoja hii ikaifikisha mwisho. Sheria yake ya vyuo vikuu ya mwaka 2003 iliweka bodi zenye wajumbe wengi kutoka nje ya chuo, na wakuu wa vyuo na wa idara, ambao zamani walichaguliwa na wenzao, wakawa watu wa kuajiriwa kutoka juu. Oxford iliombwa kuelekea huko mwaka 2006, pale makamu mkuu wa chuo John Hood alipotaka baraza la chuo liwe na wajumbe wengi wa nje. Wanataaluma waliokusanyika walilikataa pendekezo hilo, na kura ya posta iliyofuata ikalizika. Nchi moja ilisema weledi wa uongozi kwanza, chuo kimoja kikasema wenyewe kwanza, na vyuo vya pande zote mbili vimeendelea kuwa vyuo vya maana. Anayetabiri kwamba chuo kitakufa bila kamati, au kitakufa kwa sababu ya kamati, ana kazi ya kueleza hilo.

Sheria nazo zina kejeli zake. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Yeshiva wana usemi mkubwa mno katika mambo ya kitaaluma kiasi kwamba wao ni sehemu ya menejimenti, hivyo hawalindwi na sheria ya kazi wakitaka kujadiliana kwa pamoja kama chama cha wafanyakazi. Yaani kamati walizoketi usiku na mchana ndizo zilizowanyima chama. Tangu hapo mhadhiri wa chuo binafsi huko akiitwa kwenye kamati ana haki ya kuuliza: hii ni sauti, au ni kamba?

Swali hilo linatufikisha kwenye kiini. Kuna kamati zinazotawala pamoja na uongozi, na kuna kamati za kupigia muhuri. Kwa nje zinafanana: zote zina mwenyekiti, zote zina akidi, zote hufungua kikao kwa ajenda. Wachambuzi wengi huzitenganisha kwa kuuliza kama uamuzi wa kamati unabana au ni ushauri tu. Sidhani kama swali hilo linatosha. Nyingi kisheria ni za ushauri, zikiwemo zile zenye nguvu kweli kweli.

Mimi ningeangalia sehemu moja ya muhtasari wa kikao ambayo watu huiruka: "yatokanayo". Ni ile orodha ya yaliyoamuliwa mara ya mwisho na yamefikia wapi. Tamko la 1966 lina kipengele kinachostahili kuandikwa kwenye ukuta wa kila chumba cha mikutano: bodi na rais wakubaliane na hukumu ya wahadhiri katika mambo yaliyo chini yao, isipokuwa kwa nadra na kwa sababu nzito, na sababu hizo zielezwe kwa kina. Ona kilichofanyika hapo. Uongozi haukunyang'anywa kura ya mwisho. Umebebeshwa wajibu wa kujibu. Mkuu wa chuo anaweza kukataa pendekezo la kamati ya vyeo, ila aandike ni kwa nini, na karatasi ile isomwe na watu wanaoijua fani. Kukataa kunakuwa na gharama. Mara nyingi gharama hiyo inatosha kumfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kusaini.

Wajibu huo unawabana wahadhiri vilevile, jambo ambalo hawalitaji sana. Kamati inayodai majibu yenye sababu lazima nayo itoe mapendekezo yenye sababu. "Wajumbe walijadili kwa kina na kuazimia" si sababu. Kamati inayomnyima mtu cheo kwa sentensi mbili haina uso wa kulalamika ikijibiwa kwa sentensi moja. Na mwenyekiti anayeruhusu karatasi za kurasa 62 zigawiwe mlangoni siku ya kikao ameshauza haki ya wajumbe wake.

Ipo pia hoja ya nani aliyeachwa nje. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliigusa mwaka 1973, baada ya jimbo la Niedersachsen kutunga sheria ya kuwapa wahadhiri wadogo, wanafunzi na wafanyakazi wengine nafasi kubwa kwenye vyombo vya chuo. Mahakama ilikubali vyombo vya makundi mchanganyiko, lakini ikasema maprofesa wawe na angalau nusu ya kura katika mambo ya ufundishaji na kauli ya kuamua katika utafiti. Naona mantiki yake. Hata hivyo, vyuoni ambako sehemu kubwa ya vipindi hufundishwa na watu wa mikataba mifupi wasioruhusiwa hata kuingia kwenye kamati ya mitaala, maneno "sauti ya wahadhiri" yanahitaji maelezo. Aliyeona kosa la ukurasa wa 14 anaweza kuwa ndiye asiyealikwa.

Na mambo yanakwenda upande mwingine. Mwaka 2025 jimbo la Texas lilipitisha sheria inayosema ni bodi pekee inayoweza kuanzisha baraza au seneti ya wahadhiri katika vyuo vya umma, na kwamba vyombo hivyo ni vya ushauri tu. Waliotetea sheria hiyo walisema bodi ndiyo inayowajibika kwa umma unaolipa kodi. Ni hoja halali. Chuo cha umma si mali ya wanaofundisha humo. Ila neno "ushauri" lisingenitisha kama lingekuja na sharti la kujibu. Ushauri unaopaswa kujibiwa kwa maandishi una uzito wake. Usiopaswa kujibiwa ni mazungumzo ya watu wanaosubiri chai.

Mwezi unaofuata kamati ya mitaala inaketi tena. Shahada imeshatangazwa kwenye tovuti ya chuo. Katibu anafika kwenye yatokanayo na kusoma, bila kuinua kichwa: "Ukurasa wa 14. Maoni ya kamati yamepokelewa." Anageuza karatasi kwenda ajenda inayofuata. Yule mhadhiri wa takwimu ameshainua mkono. "Mwenyekiti, yamepokelewa. Yamejibiwa?"