Mmoja Alilengwa, Wanne Waliuawa

Ukisema Anwar al-Awlaki, mhubiri raia wa Marekani aliyeuawa Yemen na droni ya nchi yake mwenyewe, alipaswa kupitia mikononi mwa jaji kabla ya kuuawa, utaulizwa papo hapo: kwani unamtetea gaidi? Wengi hunyamaza hapo, na serikali ya Marekani imefaidika sana na ukimya huo.

Hoja ya serikali si nyepesi. Al-Awlaki, mzaliwa wa New Mexico, hakushutumiwa kwa mahubiri peke yake. Alihusishwa na Umar Farouk Abdulmutallab, kijana wa Nigeria aliyepanda ndege ya kwenda Detroit siku ya Krismasi 2009 na bomu ndani ya chupi, abiria na wahudumu wakiwa karibu 290. Alijificha Yemen kusikofikika na polisi. Rais angoje bomu la pili? Paspoti haimkingi mtu aliyejiunga na adui, na hilo silipingi.

Ninachouliza ni nani anayethibitisha kwamba kweli amejiunga. Mwaka 2010 baba yake, Mzee Nasser, alifungua kesi Washington kuzuia mwanawe asiuawe. Jaji John Bates mwenyewe alishangaa: kunasa mawasiliano ya raia aliye ng'ambo kunahitaji kibali cha mahakama, iweje kumuua kusihitaji? Kisha akaitupa kesi, kwamba mzazi hana haki ya kushtaki kwa niaba ya mwanawe na kwamba maamuzi ya namna hiyo si ya mahakama. Septemba 2011, kombora likampiga al-Awlaki huko Al Jawf, kaskazini mwa Yemen.

Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Eric Holder, alieleza kuwa Katiba inadai utaratibu wa haki, ila si lazima uwe wa mahakama. Kwa hiyo maofisa wakisoma faili na kukubaliana wao kwa wao, mtu ameshatendewa haki!

Halafu ikaja barua ya Holder kwa Bunge, Mei 2013. Tangu 2009, aliandika, droni zimeua Wamarekani wanne nje ya viwanja vya vita vinavyotambulika, na aliyelengwa mahsusi ni mmoja tu, al-Awlaki. Hesabu hiyo ni ya serikali yenyewe, si ya wapinzani wake. Waraka wa wanasheria wa serikali wa kuhalalisha mauaji hayo, hotuba, mabishano ya vyuoni, vyote vilimhusu huyo mmoja. Watatu waliobaki hawakuwa hata kwenye swali. Tukikubali kwamba maofisa walipima kwa makini kifo cha mmoja, vile vitatu vilipimwa na nani?

Mmoja wa hao watatu ni Abdulrahman, mtoto wa al-Awlaki, mzaliwa wa Denver, miaka 16. Alitoroka nyumbani kwa babu yake Sanaa kwenda kumtafuta baba, akaelekea mkoa wa Shabwa, kusini, kumbe baba yuko mbali kaskazini. Wiki mbili baada ya baba kuuawa, kijana akiwa kwenye mgahawa wa wazi na wenzake wakipata chakula cha jioni, kombora likawakuta. Robert Gibbs, aliyewahi kuwa msemaji wa Ikulu ya Marekani, alipoulizwa alijibu kwamba kijana alihitaji baba anayewajibika zaidi. Mzee Nasser akashtaki tena, na mwaka 2014 kesi ikatupwa tena. Kabla ya kifo alikuwa hana haki ya kushtaki. Baada ya kifo, hakuna fidia ya kudai.

Uingereza nayo ilimvua uraia Bilal al-Berjawi kabla hajauawa na droni Somalia, hapa jirani yetu, Januari 2012. Ukishamfuta mtu kwenye daftari la raia, huna tena raia wa kuulizwa habari zake.

Wanaosema jaji hawezi kukaa uwanjani wakati makombora yanaruka wako sahihi. Lakini anaweza kuja baadaye. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Israel, nchi isiyosifika kwa ulaini katika mambo haya, ilikataa kuyapiga marufuku mauaji ya kulenga, ila ikataka ushahidi thabiti kabla ya shambulio na uchunguzi huru baada yake. Mahakama za Marekani hazijaidai serikali yao hata hilo la pili.