Virusi vina karatasi kunishinda

Kitambulisho changu mimi ni kadi ya kura, na picha yake imefutika hadi polisi wa hapa Goma huniuliza kama huyu ni mimi au ni marehemu kaka yangu. Lakini kirusi, kitu kisicho na hata mdomo, kina ukoo, jenasi na spishi, vyote vimeandikwa vizuri!

Nimeyajua haya kwa mtoto wa kaka anayesomea udaktari. Jumapili alikuja, akamaliza sombe yote, ndipo akaanza: "Baba mdogo, kirusi ni maelekezo tu, DNA au RNA, ndani ya ganda la protini." Jiko? Hakina. Nguvu zake? Hakina. Kinaingia kwenye seli ya mtu, kinatumia kila kilichomo, kinazaana humo humo. Nikamwambia huyo namfahamu, ni shemeji yangu.

Tena vingine vikitoka vinajifunika utando wa mafuta wa seli ile ile. Yaani mgeni amekula, amelala, na kuondoka ameondoka na pazia! Eti ndiyo maana sabuni inaviua vya Ebola na Korona: inayeyusha hayo mafuta. Cha polio hakina utando, kwa hiyo dawa ya mikono yenye alkoli hakiiogopi sana. Hicho usugue mikono mpaka kiondoke na maji. Maji gani? Bomba letu linakohoa hewa tu. Mwaka 2019, Ebola ilipofika mjini, angalau ndoo za klorini zilikuwa kila mlango. Mikono ya suti yangu ya harusi ina madoa meupe hadi leo.

Kilichoniuma ni mpangilio. Mwaka 1971, mwanabiolojia Mmarekani David Baltimore alivipanga virusi kwa jinsi vinavyopata RNA ya kutengenezea protini. Leo makundi ni 7. Mpox, DNA ya nyuzi mbili, kundi la 1. Korona la 4. Ebola la 5, RNA yake lazima inakiliwe kinyume kwanza ndipo itengeneze protini. VVU la 6, kinageuza RNA kuwa DNA. Virusi vya Korona kama 10,000 vinapangana kwenye milimita moja, na kila kimoja kinajua kundi lake! Mimi na unene huu, nikifuata karatasi ya kiwanja, dirisha la 3 linanituma la 1, la 1 linasema mhusika amekwenda kula.

Kijana akamaliza, akaomba franga za kununua silabi, kijitabu cha masomo cha profesa. Nikamwambia aanzie dirisha la 3.