Mshenga wa Maboga

Mwenzenu siku hizi naamka alfajiri kuozesha maua. Msinicheke. Mimi nilitaka boga tu, hayo ya ushenga sikuyaomba.

Yote yalianza na kipakiti cha mbegu 12 za batanati, lile boga lenye shingo ndefu na makalio mapana. Nyuma ya kipakiti pameandikwa: acha mita 1 na nusu kati ya shimo na shimo. Nikaitazama bustani yangu, ambayo ukijinyoosha umelala umeimaliza, nikasema hawa wanapenda kutisha watu. Mbegu yenyewe ukubwa wa ukucha! Nikafukia zote 12, hatua moja moja, samadi ya kutosha. Ikaota miche 11. Nikajiona bwana shamba.

Wiki ya tano sikuwa na bustani tena, nilikuwa na uvamizi. Batanati haikui, inahama. Mtambaa mmoja unapita mita 3 bila hata kupiga hodi, na una vikono vyembamba vinavyojisokota kama waya wa simu za zamani, kila vinachogusa vinakishika. Mama watoto alikwenda kuanua nguo, shati langu likakataa kutoka kwenye kamba. Akavuta, nalo likavuta. Mwishowe ilibidi mkasi uitwe, na vikono vingine vimebaki kwenye kola mpaka leo.

Halafu yakaja maua. Manjano, makubwa, yamejiachia. Siku moja nikahesabu 17. Nikapiga hesabu ya mtu mwenye njaa: maua 17, maboga 17. Nikaanza kugawa kichwani, mawili kwa mama mkwe, moja kwa yule shemeji asiyenipenda, labda atalainika. Kesho yake yote yako chini, yamejikunja kama karatasi ya choo iliyolowa. Nikalaumu jua. Nikalaumu paka. Nikalaumu jicho la jirani.

Kumbe yalikuwa madume matupu!

Ndivyo mmea huu ulivyo. Madume hutangulia wiki nzima, pengine mbili, yanajipanga, yanang'aa, hayana kazi, yanaanguka. Jike huja baadaye kwa nafasi yake, na utalijua tu: chini ya petali limeketi kiboga kidogo kama kidole gumba, tayari kina shingo yake. Dume lina kikonyo kirefu chembamba, basi, hana kingine. Na hilo jike hufunguka alfajiri, kabla ya adhuhuri limeshafunga, na halifunguki tena. Bahati yake ni asubuhi moja. Nyuki asipopita na chavua asubuhi hiyo, kiboga kinageuka njano, kinalainika ncha, kinadondoka.

Vyangu vilidondoka vitatu. Na hapa sina budi kusema ukweli, maana mama watoto ataupeleka mbele kama sitausema: wiki iliyotangulia niliona kimdudu kimoja, kimoja tu, nikapuliza dawa bustani nzima saa mbili asubuhi, wakati nyuki wako kazini. Nyuki nao wakasusa.

Ndipo nikawa mshenga. Unachuma dume lililofunguka asubuhi hiyohiyo, unalivua petali zote, kinabaki kijiti chenye unga wa njano kichwani. Kijiti hicho unakipangusa taratibu ndani ya jike. Dume moja linatosha majike kadhaa, na hapo sitaki maoni ya mtu.

Sasa piga picha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mzee mzima, taulo kiunoni, magoti kwenye matope, kichwa ndani ya majani. Jirani akachungulia. Yeye nyuma ya ua, mimi ndani ya ua. Lugha yetu hii nayo ina mambo.

"Jirani, kwema huko chini?"

"Kwema. Naozesha."

Akanyamaza kidogo. "Bibi harusi yupi?"

Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, na nikasikia nyumba nzima inacheka.

Yakashika manne. Hapo majani yakaanza kuwa meupe. Nikagombeza watoto kwamba wamemwaga unga, wakaapa, sikuwaamini, mpaka nikaambiwa huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na unapenda sana mimea iliyobanana hewa isipite. Nikakumbuka kile kipakiti na mita yake moja na nusu. Nikakata majani mabaya kimyakimya, sikumwambia mtu.

Kati ya hayo manne, moja lilivuka ua likaninginia upande wa pili. Ni lipi? Kubwa kuliko yote, bila shaka. Nimeliozesha mimi, kwa goti langu! Siku hizi jirani akinisalimu ananiuliza, "Boga letu linaendeleaje?" Letu.

Kuiva nako ni mtihani. Miezi mitatu na zaidi unangoja, mistari ya kijani iishe, ngozi iwe rangi ya mchanga mkavu, na ukiliminya kwa ukucha usizame. Huo ukucha ndio ulioniponza. Nilipima kila siku, asubuhi na jioni, hadi boga la kwanza likawa na makovu kama lililougua tetekuwanga. Kisha nikalikata vizuri na kikonyo chake, nikaliinua kwa kikonyo hicho kama birika. Kikabaki mkononi, boga likaenda na maji yake. Boga lisilo na kikonyo haliwekeki, huoza mapema, kwa hiyo hilo tulilila siku hiyohiyo. Lilikuwa kama limechemshwa kwa huzuni, halina sukari.

"Si ungeliacha lipumzike wiki mbili mahali pakavu penye joto," akasema mama watoto. "Utamu huongezeka likikaa, na ngozi inakomaa."

Lipumzike! Muda wote huo nani alikuwa anafanya kazi?

Haya, mawili yaliyobaki yamelala juu ya kabati, yamegeuziwa ukutani. Leo ni siku ya tisa. Jana usiku niliamka kunywa maji, nikapita pale kimyakimya, taa sikuwasha, nikanyoosha mkono niguse kidogo tu.

Sauti ikatoka chumbani: "Baba watoto, toa ukucha."