Baba aliyegoma kutoa baiskeli

Kwetu Newala, kusini mwa Tanzania, filamu ikiisha ndipo ubishi huanza, na ulioturarua zaidi ni wa The Boy Who Harnessed the Wind, ya mwaka 2019. Chiwetel Ejiofor ameiongoza mwenyewe na kuigiza kama Trywell Kamkwamba, mkulima wa Malawi. Mwanawe William, aliyeachishwa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, anataka kuikata baiskeli ya baba atengeneze kinu cha upepo cha kufua umeme. Mzee anagoma.

Vijana wetu hawana huruma naye. Mtoto kasoma kitabu, kaonyesha kwa kinu kidogo kuwa upepo unaweza kuwasha redio, bado baba anampeleka shambani. Hoja yao ina uzito. Kinu kikubwa kisingesimama bila ile baiskeli.

Mjomba anamtetea Trywell, nami niko upande wake. Nafaka imeibwa. Binti katoroka na mwalimu ili nyumbani apungue mla mmoja. Kilichobaki cha thamani ni baiskeli. Mtu wa uwanda wa Makonde, huku kwetu, haelezwi maana yake: ndiyo inayopandisha madumu ya maji kutoka bondeni, ndiyo inayobeba korosho hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika, na malipo yakichelewa ndiyo inayouzwa. Vijana waliokuta elimu bila ada, iliyoanza 2016, wanadhani baba aliyeshindwa ada ni mzembe tu.

"Lakini kinu kilifanya kazi," vijana hujibu. Hapo ndipo filamu inapowapotosha. Mwishoni mwake maji yanapanda, shamba linanyweshewa kiangazi, familia inaokoka. Katika maisha halisi kinu cha kwanza cha William kiliwasha taa za nyumbani na kuchaji simu. Pampu ya maji ilikuja baadaye, dunia ilipokwisha kumsikia, wakiwemo waliohudhuria mkutano wa hotuba fupi wa TED pale Arusha mwaka 2007.

Hili silipiti haraka, kwa sababu linageuza kesi nzima. Ukiamini kwamba mtoto alikuja na maji, aliyemkatalia ni mjinga anayeua familia yake kwa ukaidi. Lakini aliyekuja na taa, kwenye nyumba ambayo watu wanalala bila kula? Taa hailiwi. Baba anayesita kukata mali yake ya mwisho kwa ajili ya taa anapiga hesabu ambayo mkulima yeyote wa Newala, Tandahimba au Nachingwea angeipiga. Waandaaji walitaka mwisho mtamu, na siwalaumu sana, ila aliyeulipia mwisho huo ni Trywell.

Kuna jambo moja ambalo hata mjomba hulinyamazia. Baba hakuishia kukataa baiskeli. Alikivunja na kile kinu kidogo cha majaribio. Kile kiliundwa kwa vyuma chakavu, hakikumgharimu hata senti. Hiyo haikuwa hesabu, ilikuwa hasira, na vijana wana haki ya kumshikilia hapo. Ilibidi mkewe, Agnes, amkalishe chini ndipo afikiri upya, na ajabu ni kwamba kwenye ubishi wetu huo mrefu Agnes hatajwi kabisa.